Mpaka Mirija Ishike Rangi

Jumatano, 6 Machi
Majibu ya uvimbe wa titi la wifi yametoka. Vipokezi vya homoni – hakuna. Na mimi, mfanyakazi wa maabara, ndiye niliyemjaza matumaini! Nilimwambia uvimbe wenye vipokezi hula homoni, vidonge huukatia chakula, na wagonjwa wengi hupona. Akasema basi huo mlafi kama kaka yake. Kaka yake ndiye mume wangu. Leo nimwambie nini? Roho inaniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwomba daktari wetu wa maabara aitazame upya slaidi ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Akipenda anachokiona hupiga mluzi. Leo kimya. Kisha akanivuta kwenye hadubini. Uvimbe – buluu tupu. Lakini pembeni kuna mirija ya maziwa, mizima kabisa, nayo buluu! Penye vipokezi rangi huwa kahawia, na mirija mizima inavyo siku zote, lazima ishike. Hiyo ndiyo mizani yetu.

"Hili si jibu," akasema. "Kinyama kiliharibika kabla hakijatufikia."

Akapiga simu kliniki. Kumbe dawa ya kuhifadhia iliwaishia, kinyama kikakaa kwenye chachi wikendi nzima! Nilitaka kutukana, nikajikuta nalia kwa furaha. Hatujui lolote – afadhali.

Ijumaa, 8 Machi
Wifi kanuna kusikia atakatwa kinyama kingine. Kauliza kama titi lake ni mto wa kuchomekea sindano. Halafu, polepole, kauliza kama jibu linaweza kuwa lilelile. Nikasema linaweza. Sikumficha. Akanishika mkono.

"Kawia ufike," akasema. Yeye, asiyewahi kuwahi popote!

Jumatatu, 11 Machi
Kinyama kipya kimefika, kinaogelea kwenye dawa. Nimekipokea mwenyewe. Nimekisalimia. Wenzangu wamecheka.

Jumatano, 13 Machi
Daktari kanikataza kukigusa – ndugu hapimi ndugu. Haya. Nimeosha vichupa, nimevunja kimoja, nimefukuzwa kwenye sinki. Naandika hapa mezani, nisije nikavunja kingine.

Yuko kwenye hadubini sasa. Kaniambia neno moja tu: mirija mizima imeshika kahawia. Imeshika! Kwa hiyo safari hii jibu ni la kweli, liwe zuri, liwe baya. Anasogeza slaidi kuelekea kwenye uvimbe.

Simu. Wifi, nani mwingine. Anauliza vipi. Nimemwambia subiri, usikate. Nimeilaza simu mezani, spika wazi.

Daktari hajainua kichwa. Anazungusha kitufe, anarudi nyuma kidogo, anatazama tena.

Wifi anauliza ni nani huyo anayepiga mluzi –