Siku Kumi na Moja za Bomba la Nne

Mshauri wangu, assalaam aleikum, nimefanya jambo na sina wa kumwambia ila wewe. Mimi ni fundi wa maabara hapa Garissa, na tangu mwaka 1990 kila asubuhi napima joto la mabomba sita ya watu wanaotengeneza setilaiti, mabomba yaliyozibwa pande zote yenye kimiminika kidogo ndani, ukipasha ncha moja mvuke unapeleka joto ncha ya pili, na wao wanataka kujua yatadumu miaka mingapi, maana huko angani hakuna fundi, na kwa miaka sita namba zilikuwa zilezile, basi Agosti nikaenda Lafey kwa harusi ya mdogo wangu Ayan bila ruhusa, niliporudi baada ya siku kumi na moja nikajaza siku hizo zote daftarini kwa namba zilezile za nyuma, halafu nikapima na kukuta ncha ya pili ya bomba la nne imepoa. Wakubwa wakasema bomba halipoi ghafla hivyo, limegongwa, na mwenye funguo ni mlinzi, mzee Bare, wakamfukuza. Bare anajua nilisafiri. Alisema tu, "Mimi hiyo bomba hapana gusa, wallahi," wala hakunitaja. Juzi sokoni ameniuliza, "Abaayo, dada yangu, harusi ilikuwa nzuri?" Je, nikimpelekea sukari kila Ijumaa, haitoshi?

Qali

Dada Qali, hongera kwa kugundua namna ya kupima joto la Garissa ukiwa Lafey. Na sukari! Mtu amepoteza kazi kwa kukufichia siri, wewe unamtengenezea chai. Weka na iliki basi, tujue una huruma.

Kuchoka nakuelewa, namba ileile miaka sita ingemchosha yeyote. Lakini harusi haikumfukuza Bare, kalamu yako ndiyo iliyomfukuza. Tena watu wamengoja miaka sita waone bomba linavyozeeka, na lilipoanza kupoa taratibu, wewe ukaliandikia afya njema.

Sasa sikiliza. Zile namba zipige mstari, usizifute, pembeni andika "sikuwepo" na utie sahihi. Nenda kwanza kwa Bare, umwombe radhi mbele ya mkewe. Kisha mwende naye ofisini, wewe uingie mbele, useme yote. Huenda wakakufukuza. Angalau utakuwa umefukuzwa kwa kosa lako mwenyewe, bahati ambayo Bare hakuipata.