Mpaka Wale Mkia na Ini

Mtaa wa Mtoni,
Naryn.
14 Oktoba

Mpendwa dada Zuurakan,

Shikamoo, dada yangu. Baridi ya Moscow imekupokeaje mwaka huu, na yale magoti yako yanasemaje? Usiwe unasimama kazini mchana kutwa, ukaja kutuletea mkongojo badala ya zawadi. Sisi huku wazima. Baba Saikal ameteremsha kondoo kutoka malishoni, viazi tumeshachimba, na theluji imeanza kuonekana vileleni.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Kwenye simu ningelia, nawe ungenihurumia kabla hujajua nilichofanya.

Kwanza furaha: Saikal wetu ametiwa hereni za uchumba. Wakwe walikuja Jumapili, na mama wa bwana harusi, Bi Kanyshai, akamvisha kwa mkono wake. Ni watu wacheshi, wala hawana makuu. Kijana mwenyewe anamwangalia Saikal kama mtu aliyepata farasi bila kuomba.

Sasa mdogo wake, Aizirek. Unakumbuka ulipomletea ile komuzi ajifunze kupiga, mimi nikasema mtoto mwenye usonji atakata nyuzi zote tatu kabla ya jioni? Wakati ule mtu akibisha hodi tu, Aizirek anajibanza nyuma ya kabati na kuziba masikio. Mwalimu wake, Begimai, aliniambia jambo ambalo mimi mama mzazi sikuwa nimeliona: sauti anayoianzisha mwenyewe haimtishi, kwa sababu anajua itakwisha lini. Alianza kupiga akiwa ameelekea ukutani. Baadaye wakafungua mlango, kisha wakakaa naye wanafunzi wengine, na siku moja nikasikia anamwambia mvulana mmoja aliyekuwa akipiga, "Unakimbia. Rudi mwanzo." Dada, Aizirek huyo! Siku hizi anakwenda dukani kununua mkate, na muuzaji akikosea chenji anamwambia palepale.

Haya yote nilikuwa nayajua Jumapili ile, na ndiyo maana nashindwa kujitetea.

Wewe unazijua mila zetu: wakwe wakishakula mafuta ya mkia wa kondoo na ini, neno limefungwa, hakuna wa kurudi nyuma. Mimi niliogopa. Nilijiambia, wakimwona Aizirek anavyoyumbisha mwili na kurudiarudia maneno, watasema damu yetu ina kasoro, na Saikal ataachwa mchana kweupe. Basi asubuhi nikamvika koti Aizirek, nikampeleka kwa jirani yetu Jumagul. Nikamwambia, "Kaa hapa mpaka wageni wale mkia na ini. Wakishakula hawawezi kukataa, ndipo uje." Nilimwambia hivyohivyo, kwa mdomo wangu.

Nawe unamjua. Ukimwambia neno, hulishika kama lilivyo.

Tulikula. Hereni zikavaliwa, watu wakacheka, mimi nikapumua. Mara mlango ukafunguka. Aliingia Aizirek mwenyewe, komuzi kifuani, viatu ameshavua na kuvipanga. Hakuziba masikio. Aliwatazama wageni wote kumi na kitu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

"Shikamooni. Mimi Aizirek, mdogo wake Saikal. Nina usonji na ninapiga komuzi. Mama alisema nije mkishakula mkia na ini, maana mkishakula hamwezi kukataa. Mmeshakula?"

Dada, nilitamani sakafu ipasuke. Baba Saikal, ambaye nilimdanganya kwamba mtoto ana homa, aliweka kisu chini akaniangalia.

Bi Kanyshai ndiye aliyejibu. "Tumekula, binti yangu. Tumeshiba." Kisha akanigeukia mimi. "Kumbe ndiyo maana tulikuwa tunasukumiwa mafuta mdomoni mbiombio, kama watu wanaoiba farasi! Mama Saikal, huyu tunamjua. Saikal alituambia tangu kiangazi. Tulidhani anaumwa, tukaona haya kuuliza."

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa midomo tu. Halafu akauliza, "Kipande chake kiko wapi?"

Hakikuwepo. Kondoo mzima nimemgawa kwa mkono wangu, kila mtu na mfupa wake kwa heshima yake, hata kijana aliyeendesha gari lao nimempa. Mwanangu sikumtengea. Bi Kanyshai akamega kidari kwenye sahani yake, akampa.

Aizirek alikula kwanza, akanawa mikono, kisha akapiga. Watu wanasema alipiga vizuri. Mimi nilikuwa jikoni, sikuweza kukaa mbele yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwanangu si maradhi, na aliyeniumbua ni mimi mwenyewe.

Usiku ule nilimwomba radhi. Akasema, "Sawa," akaenda kulala. Nilidhani yamekwisha. Lakini tangu Jumapili, mtu akibisha hodi, anachukua koti lake na komuzi, anakuja kusimama mbele yangu. Hana kinyongo wala machozi. Anauliza tu, "Mama, nibaki au niende?" Jana alikuwa muuza maziwa. Nikamwambia, "Baki, mwanangu."

Akaniuliza, "Mpaka lini?"

Nilisema milele, dada, lakini hakuvua koti mpaka muuza maziwa alipoondoka.

Harusi ni mwezi wa tano. Njoo, nakusihi, wewe anakuamini. Wasalimie shemeji Doolot na pacha wako wawili. Jumagul anakusalimu, na Saikal pia, ingawa hasemi nami sana. Mungu akulinde barabarani na kazini, na akurudishe nyumbani ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye haya,
Burulcha