Liwa ya Rukia

Bondeni, Mombasa

Masha ndugu yangu,

Sisi huku wazima. Paka wa mama amezalia kabatini, juu ya kanzu yako ya harusi. Yaonekana yeye alipata habari kabla yetu.

Ujumbe wako nimeusoma. Umemwona mwanamke huko Doha mara mbili, akijipulizia manukato dukani, na sasa chakula hakipiti, usingizi huna, harusi ya Ijumaa tuivunje. Waniuliza kama hayo si mahaba. Si mahaba, Masha. Mahaba ni ya watu wanaojuana. Ashiki nayo humshika mtu kama homa, na wewe hata homa hujaifikia, umezuzuka tu. Jina lake unalijua?

Rukia amewekwa ndani kwao Makadara kama ada ya bibi harusi. Hatoki, hana simu, anapakwa liwa, ule msandali wa kusagwa, asubuhi na jioni mpaka anang'aa. Jana nilikwenda kumwambia ulilonituma. Akanishika mkono, akaniuliza, "Wifi, nduguyo ala vizuri huko ugenini?"

Nikamwambia unakula mno. Nikatoka na hasira zangu.

Neno lako silipeleki. Tiketi ya kuja harusini unayo. Njoo uketi mbele ya Rukia, liwa ikiwa bado usoni mwake, umwambie wewe mwenyewe habari za mwanamke wa dukani. Ukiweza kulitamka hilo, biriani ya harusi nitaimwaga kwa mikono yangu.

Ni mimi dadako, si mjumbe wako,
Mejumaa