Kosta ya Mama Tajeu Yabarikiwa

Sinyati, cha kwanza kuona leo asubuhi ni pazia la chumba changu. Liko kwenye dirisha la Kosta!

Si nilikuambia mabosi wangu wanahama Engutoto, wanaenda kuishi barabarani ndani ya hilo basi dogo, na watoto wote? Basi bibi yao kashuka kutoka mlimani na mchungaji na kwaya ya kanisa. Anasema hata nyumba yenye matairi lazima ibarikiwe. Kavua viatu kabisa kwenye ngazi ya gari!

Mchungaji kauliza, "Watakaolala humu ni nani?" Mama Tajeu kataja wote, mpaka paka.

"Na huyu binti?"

"Nashipae? Huyo Jumamosi anarudi kwao Momela."

Jumamosi, Sinyati! Mimi ndio nasikia pale, birika la chai mkononi. Bibi kashangaa, "Kumbe hukuambiwa, mwanangu?" Mama Tajeu anacheka, "Jamani, nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kumwambia."

Wakati mzuri wenyewe ndio huo, mbele ya kwaya nzima.

Nikaombewa safari njema. Nikaitikia amina, nikaendelea kumimina chai.

Kwenda nisingeenda, gari linanitapisha. Ila wale watoto nimewalea mimi. Nilitaka tu na mimi niulizwe.