Makaa Niliyoyaacha Nyuma ya Kibanda

Alhamisi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na jua kali mpaka mabati yanalia. Nimefunga mlango, nimesema kichwa kinauma.

Kichwa hakiumi.

Mnaosoma blogu hii mnanijua, mimi ndiye Mama Ifrah, muuza maziwa ya ngamia, na Garissa nzima hakuna maziwa kama yangu. Niliishia darasa la sita, lakini binti yangu anasoma sheria Nairobi. Sheria! Nimemwambia kila mtu sokoni, ambao hawajaambiwa ni mbuzi tu.

Siri ya maziwa yangu ni moshi. Wengine wanasuuza vyombo na maji, basi. Mimi natia makaa ya moto ya mgunga ndani ya kibuyu, nafunika, natikisa mpaka moshi ushike. Halafu namwaga makaa nyuma ya kibanda na kuyafukia kwa mchanga. Miaka yote hiyo, namwaga, nafukia.

Jumamosi nilimwaga, simu ikalia. Ifrah! Amefaulu mitihani yote, wa tatu darasani. Nilipiga vigelegele, nikapita kibanda kwa kibanda nikitangaza, nikigawa maziwa bure.

Sikufukia.

Nilikumbuka nilipoona moshi. Ghala la Khadija lilikuwa ubavuni mwangu, nyasi kavu za mifugo mpaka kwenye paa. Gari la zimamoto lilichelewa, Khadija akaita maboza mawili, yale malori ya maji, kwa gharama yake. Mutua, fundi wa kuchomelea vyuma aliye mkabala nasi, alipanda akang'oa mabati ili moto usifike kwangu. Aliungua mkono. Kibanda changu kilipona, ghala likawa majivu.

Jana ikaja barua ya wakili wa Khadija, kwangu na kwa Mutua, kwa kuwa sisi wawili ndio tunaotumia moto pale. Anadai nyasi, ghala, na maboza. Kila mmoja aeleze moto wake ulikuwa wapi saa ile.

Nilimpigia Ifrah. Kiingereza cha barua kilichonishinda nilimtajia herufi moja moja.

"Hooyo, mama yangu, makaa uliyafukia?"

Nikamuuliza kama ameshakula.

"Basi usiniambie. Usimwambie mtu, usitie sahihi popote. Anayedai ndiye anayethibitisha. Hata hayo maboza, waonyeshe kwanza moto uliwashwa na nani."

Wallahi nilijivuna. Sauti kama ya hakimu! Simu ilipokatika ndipo nikaelewa kwamba mtoto wangu ameshajua.

Na hakuna anayenishuku. Leo asubuhi Khadija amenishika mkono. "Abaayo, dada yangu, ni cheche za yule Mkamba Mutua tu. Mwambie mwanao atusaidie, huyu asituponyoke."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi, niliyesali alfajiri.

Haikupita saa, Mutua akaja kununua maziwa, mkono umefungwa bandeji. "Mama Ifrah, hebu muulize Ifrah, wakili wetu. Siku ile stima ilipotea tangu asubuhi, ningechomelea na nini? Nikisema, wananicheka."

Wakili wetu, anasema. Nilimjazia chupa mpaka juu, nikakataa pesa yake. Akanishukuru. Ningependa anitukane.

Nimekaa hapa kitandani nikizunguka palepale. Nikisema, ngamia wangu wanaweza kwenda, na hao ndio karo ya Ifrah. Tena atajua kwamba ghala la watu liliungua mama yake akitangaza matokeo yake. Nikinyamaza, mzigo unamwangukia Mutua. Mimi wazee wa ukoo wangu watanikalia kikao, watanigombeza, kisha watachanga. Mutua ana wazee gani hapa? Ana mashine yake tu, na mkono mmoja.

Ule mwingine aliuunguza kwa ajili ya kibanda changu.

Ifrah, mwanangu, wewe ndiye uliyenifungulia blogu hii ili watu wajue maziwa yangu, na najua unasoma kila neno. Utapiga simu ukiwa umewaka. Piga tu. Yale makaa ni yangu, sikuyafukia, na Mutua hakuwasha kitu. Simu yako haina kosa. Ingelia tena leo ningeipokea vilevile, na vigelegele juu. Kosa ni mchanga uliokuwa hatua mbili kutoka mguuni kwangu.

Umenifundisha kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Sasa Khadija ana uthibitisho, nimemwandikia mwenyewe. Wewe soma sheria yako kwa bidii, nitakuhitaji, na usiwe wa tatu tena.

Naweka hii hewani, kisha navaa buibui niende kwa Khadija kabla ya alasiri, nikapite na kwa Mutua. Nikingoja mpaka kesho, kichwa kitauma kweli.