Neno la Makaburini Kinole

Msamvu,
Morogoro.
19 Mei 2024

Mpendwa dada Mwaisha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Hamza na watoto, na kwamba yule mdogo amepona kikohozi. Sisi huku hatujambo. Mvua bado inanyesha milimani, na barabara ya Kinole imemeguka kwenye kona ya mwisho, magari yanaishia chini. Mama miguu inamsumbua, ila ukimwambia apumzike anaenda shambani kwa makusudi.

Najua ungependa nikupigie simu. Kwenye simu ningekuchekesha, ukacheka, tukaagana bila mimi kusema neno lenyewe. Neno lenyewe ni kwamba mwezi ujao sitakuja Tabora. Mwambie shemeji asiniwekee tena nafasi kwenye karakana yake ya mizinga ya nyuki. Begi nimelifungua na nguo nimezirudisha kabatini. Nisikilize tangu mwanzo, maana wewe uliolewa mbali kabla ya haya, na habari za mjomba Kibwana umezipata vipandevipande.

Mjomba unayemkumbuka ni yule aliyeshuka na mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni mjini, akanunua lori bovu, akalifufua, na mwisho akawa na ghala hapa Msamvu ambamo mdalasini na pilipili manga za mlima mzima hupita. Hakumwachia mtu mizani. Alivunja ganda la mdalasini mwenyewe, akanusa, akataja bonde lilikotoka. Siasa aliziita kazi ya watu wasio na kitu cha kupima.

Kisha bibi akafariki. Desturi yetu unaijua: watani ndio wachimba kaburi, na hawakuachi uzike bila kukusumbua. Wewe hukuweza kufika, njia ilikuwa imekatika kwa mafuriko. Mzee Sufiani, mkubwa wa watani wetu, alikaa juu ya rundo la udongo, akakunja miguu, akatangaza, "Bibi haingii humu mpaka Kibwana aseme atagombea ubunge. Tajiri gani huyu, kazi yake kupigisha watu chafya?" Watu wakacheka. Wengine hudaiwa mbuzi au jogoo, nao hukubali ili maiti apumzike. Mjomba naye akasema, "Haya, nitagombea. Toka hapo mzee, unamchelewesha mama yangu." Mzee Sufiani akatoka.

Kosa letu lilikuwa kudhani neno hilo limefukiwa palepale. Kabla ya arobaini wazee wa vijiji vya jirani walikwisha kufika ghalani kumwuliza anaanza lini. Ameahidi mbele ya kaburi la mama yake, walisema, na ahadi ya mahali pale haimezwi. Mjomba aliogopa kumvunjia bibi heshima. Akagombea, akashinda.

Tangu hapo sijamwona akila chakula kikiwa moto. Alfajiri uani kwake pamejaa: huyu anataka sanda, huyu karo, huyu anataka tu aonekane amekaa naye. Akitaka kutoka hupitia mlango wa nyuma wa ghala, katikati ya magunia. Aliposhikwa na malaria alijifunga shuka ndani ya koti akaenda mkutanoni. Aliniambia, "Abeid, hata kuumwa siwezi. Nikilala watasema nimewakimbia." Mdalasini sasa napima mimi. Mara mojamoja huja, huokota ganda moja, na kabla hajalifikisha puani simu inaita.

Ndiyo maana niliipokea nafasi ya shemeji haraka vile. Kwa mila yetu mpwa ndiye anayerithi, na nilikuwa nimeanza kuona jicho la mama likinifuata. Nilitaka niondoke kabla mtu hajataja jina langu. Mjomba mwenyewe alinibariki. "Nenda," alisema. "Angalau mmoja wetu apumue."

Wiki iliyopita mzee Sufiani akafariki. Safari hii kuchimba na kusumbua kulikuwa zamu yetu. Mjomba alifurahi, Mungu amsamehe, nami namwelewa. Alisema kilichofungwa na watani hufunguliwa na watani. Kutoka barabara ilipomeguka tulipanda kwa miguu, mheshimiwa mbunge na viatu vyake mkononi, akipiga mluzi.

Makaburini alikaa juu ya udongo, akakunja miguu vilevile kama marehemu alivyofanya. "Sufiani haingii humu mpaka mniachie. Uchaguzi wa mwakani simo. Semeni mmeniachia."

Watani walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtoto mkubwa wa marehemu akajibu, "Tumekuachia, mtani. Kwanza umekwisha chakaa. Lakini hatupokei kiti kitupu. Tupe mpwa wako, huyo mwenye jembe."

Mwenye jembe nilikuwa mimi. Nilimtazama mjomba nikitegemea atamjibu, au atanyanyuka tu yaishe. Hakunyanyuka. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyembebesha gunia na anataka kuona kama litamwangusha. Matone yakaanza kuanguka juu ya jeneza. Shehe akakohoa. Nikasema, "Haya."

Mjomba akasimama, akajikung'uta, tukamzika mzee Sufiani.

Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu kwamba ulikuwa utani, nikapigia mstari. Jana asubuhi nilipofungua ghala nilikuta wazee wawili wamekwisha kaa kwenye benchi, miguu ina matope mekundu ya Kinole. Nikawaamkia. "Marahaba, mheshimiwa," waliitikia, na hakuna aliyecheka.

Mama naye amenipigia pasi kanzu ya marehemu babu.

Nisalimie sana shemeji, umwombe radhi kwa niaba yangu, na wanao wote uwashike vichwa mmojammoja. Ndugu yetu Raya na mumewe wa Gairo wanakusalimu. Mjomba naye anakusalimu. Leo amekula hapa ghalani, ugali na mlenda, vikitoka moshi, na amelala mchana.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, na mimi anilinde hapa nilipobaki.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Abeid