Mwendo wa Mwenye Fahali

Nairobi, Jumapili mchana

Kwako Baba,

Mulembe, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umetulia hapo nyumbani Isecheno, na kifua cha Mama kimepoa na hii baridi. Mvua imewafikia? Fahali wetu Jeshi anakula vizuri, ama bado anachagua majani kama bwana harusi? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo si nzima, na ndiyo maana ninaandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikata tu, "Sema haraka, chaji inaisha," nami ningesema niko sawa, tukaagana. Habari hii haitaki haraka.

Nilikwambia chuo kingetupeleka kuona mahali katuni zinatengenezwa na watu wa kazi, si wanafunzi. Nilipiga pasi lile shati la Krismasi, nikabeba michoro yangu yote. Studio ya kwanza ilikuwa bure kabisa. Tulisimamishwa mlangoni, tukaonyeshwa migongo ya watu mbele ya kompyuta, tukaambiwa tusiguse kitu, tukatolewa. Michoro yangu haikutoka hata kwenye bahasha.

Ya pili walitukaribisha kwa chai na mandazi. Mkubwa wao ni mama mmoja mpole, tunamwita Madam. Alitueleza kwamba kabla ya kuchora mtu akitembea, mtu wa kweli hutembea kwanza mbele ya kamera, halafu wachoraji wanamfuata hatua kwa hatua. Akasema wamekwama, wanatafuta mwendo wa mzee wa kijijini. Nani anaweza kuwaonyesha? Wenzangu wakaanza kujikunja na kushika viuno, eti wazee. Ujinga mtupu. Nikanyoosha mkono.

Baba, nilikuiga wewe.

Wewe unajua kwetu mambo yalivyo. Asubuhi tukisindikiza fahali kwenda uwanjani kupigana, sisi vijana tunaimbanga tukiiga mwendo wa mwenye fahali, na asiyeigwa hurudi nyumbani amenuna, kwa sababu ni kama hana jina. Tangu Jeshi alipokuangukia akakuvunja goti, nawe ukakataa katakata kumuuza, kijiji kizima kinaburuta mguu wa kulia nyuma yako. Kifua mbele, fimbo juu, unasimama kidogo, halafu unaurusha mguu. Hata watoto wa shule wanauweza. Hakuna anayecheka, na wazee wanakupisha njia. Basi hicho ndicho nilichowapa. Nilikwenda mara tatu mbele ya kamera, na nikaimba juu yake, kwa sauti, bila haya.

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Na mimi, hapa ndipo panaponiuma, nikacheka pamoja nao, nikidhani wamefurahi vile watu wetu hufurahi. Madam akanipiga begani, "Huyu apewe nafasi hapa." Nafasi ni ile atachimenti, kazi ya mafunzo ambayo bila hiyo chuo hakinipi cheti, na nimeitafuta tangu Januari. Wakaleta karatasi. Mimi, msomi wako, nikatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja.

Jumatatu nilipoanza, ndipo waliponifungulia hiyo katuni. Ni soja wa geti, Baba. Mluhya kama sisi. Tumbo limetoka nje ya shati, akisikia harufu ya ingokho, kuku wa kwetu, anaacha geti wazi na wezi wanaingia kupakia televisheni. Na anatembea na mguu wako. Fimbo ni yako, kifua ni chako. Anasimama kidogo, anaurusha mguu, anaangukia pipa la takataka.

Nilimwendea Madam. Nikamwambia, "Huo ni mwendo wa baba yangu. Kwetu ni wa heshima." Afadhali angenitukana. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Lakini unachekesha, Lumbasi. Na hii sahihi ni yako." Nikamwambia basi wautoe. Akauliza, "Tukiutoa, wewe tutakuweka hapa kufanya nini?"

Nikarudi kitini.

Nina hasira nao, sikufichi. Wanakula mandazi wakicheka goti la mtu wasiyemjua. Najichukia mimi zaidi. Na wewe pia nimekukasirikia kidogo, unisamehe, kwa kunilea nikiamini kwamba kila mtu aliye na macho anaelewa mguu ule.

Katuni itaonyeshwa Disemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani wote. Ayuma ataitambua kabla ya mtu yeyote, huyo dada yangu macho yake unayajua. Halafu watoto wa sokoni. Wataanza kukuiga kwa hiyo namna nyingine, na mgeni akija uwanjani hatajua wapi sifa imekwisha na wapi kejeli imeanza. Nawe utageuka nyuma utazame, hutajua pia. Hilo ndilo linaloninyima raha hata ya kula. Ukiniambia niache kazi hiyo, nitaiacha kesho yake, cheti kipotee. Lakini mwendo utabaki kwao, ndivyo inavyosema karatasi niliyotia sahihi. Nimeuliza mara mbili.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kifua aimeze yote, asiigawe kwa majirani. Nisalimie Ayuma. Nisalimie Senje, dada yako, na usimpe barua hii aisome, maana itafika kanisani kabla yako. Na wale vijana wa kusindikiza Jeshi, waambie tu niko.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sijakwambia yote.

Wachoraji wengine walishindwa na ule mguu. Kila walipojaribu ulitoka kama mguu wa mlevi. Kwa hiyo Madam alinipa mimi, kwamba ndimi ninayeujua. Kazi yangu tangu asubuhi hadi jioni ni kuchora goti lako. Ijumaa alikuja akasimama nyuma yangu, akasema ni kazi safi, ila mzee bado anaonekana kama mtu muhimu, nimlegeze kidogo.

Nikamlegeza, Baba. Wakapiga makofi.

Ni mimi mwanao,
Lumbasi